Nusu Jogoo wa Cologne

Jina la Cologne nililijua tangu utotoni, kwa kuwa kila jioni redio ya babu pale Tanga ilifunguliwa ili asikilize Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, ambayo makao yake yalikuwa katika mji huo kabla ya kuhamia Bonn mwaka 2003. Kwa hiyo niliposhuka stesheni kuu ya treni na kulikuta kanisa kuu limesimama hapo hapo nje, mithili ya mwenyeji aliyekuja kunipokea, nilijiona mtoto wa nyumbani. Ujuaji huo ndio ulioniponza.

Nilianza na mnara. Ujenzi wa kanisa lile ulianza mwaka 1248 na kukamilika mwaka 1880, na baada ya kuzipanda ngazi 533 nikiwa na koti zito na viatu vipya, niliacha kabisa kuwalaumu mafundi kwa kuchelewa. Niliteremka magoti yakinicheza, nikaingia katika mkahawa wa kienyeji uliokuwa jirani.

Wahudumu wa mikahawa hiyo huitwa Köbes, huvaa aproni za buluu na husifika kwa ulimi mkali. Kazi yao kubwa ni kugawa bia ya mji, Kölsch, katika glasi nyembamba za sentilita 20, ambazo huendelea kuja bila kuombwa mpaka mnywaji aifunike glasi yake. Nilipoagiza juisi ya tofaa, Köbes wangu alinitazama kana kwamba nimeomba mafuta ya taa.

Katika orodha ya vyakula niliona *Halver Hahn*. Kijerumani changu kilikuwa cha miezi mitatu, lakini hapo kilitosha: nusu jogoo! Bei ilikuwa ndogo kiasi cha kumhurumia mfugaji. Nikamwandikia mke wangu ujumbe wa majigambo, nikakunja mikono ya shati.

Kikaja kimkate cha kahawia, kipande kinene cha jibini, vitunguu na haradali. Nikadhani ni cha kuchangamshia kinywa, nikakila taratibu huku nikimtunzia jogoo nafasi tumboni. Nusu saa ikapita. Nikaita tena, "Halver Hahn!" Köbes akaitikia kwa heshima ambayo hakuwa nayo mwanzoni, akaniletea kimkate cha pili na jibini lake.

Maneno yakaniishia. Nikakunja viwiko, nikapiga mbawa na kuwika: "Kokorikooo!" Mkahawa mzima ukanyamaza.

"Kikeriki," Köbes akanisahihisha bila kucheka, maana ndivyo jogoo wa Kijerumani wanavyowika.

Bibi mmoja wa meza ya pili, akijifuta machozi ya kicheko, alinieleza polepole kwamba nusu jogoo wa Cologne ndiye huyo huyo niliyekwisha kumla mara moja, kwamba kaviari ya hapo ni soseji ya damu, na kwamba *Himmel un Ääd*, yaani Mbingu na Ardhi, ni matofaa yaliyopondwa pamoja na viazi. Nilimshukuru, hasa kwa ile habari ya kaviari, kwani ndiyo niliyokuwa nimepanga kuagiza baadaye.

Mke wangu alikuwa bado anadai picha. Nikampigia ile sahani ya pili, nikamtumia bila maelezo.

"Baba Mwanaidi," akajibu, "hapo naona jibini. Kumbe jogoo wa huko hukamuliwa?"