Rantanen: nani aliuza kwa hasara, nani alinunua ghali?

Machi 7, 2025, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika ligi ya hoki ya barafuni ya NHL, Carolina Hurricanes walimwachia Mikko Rantanen aende Dallas Stars. Mshambuliaji huyo kutoka Finland walikuwa wamekaa naye wiki sita tu, mechi 13, mabao mawili. Kwa takwimu hizo ungetegemea bei ishuke. Haikushuka.

Kwa sisi tuliozoea usajili wa soka, kwanza tuelewane. Huko klabu hailipi ada ya uhamisho. Mchezaji hulipiwa kwa wachezaji wenzake, na kwa haki za kuchagua chipukizi kwenye drafti za miaka ijayo. Juu ya hayo kuna kikomo cha mishahara: msimu wa 2024-25 kila klabu iliruhusiwa dola milioni 88, basi. Kwa hiyo nyota hapimwi kwa mabao peke yake. Anapimwa pia kwa mshahara anaobeba na kwa muda uliobaki kwenye mkataba wake.

Rantanen alibakiwa na miezi tu. Colorado Avalanche, aliotwaa nao ubingwa 2022 na kufikisha pointi zaidi ya 100 (mabao na pasi za mabao zikijumlishwa) misimu miwili mfululizo, waliona hawataafikiana naye bei, wakamtoa kwa Carolina Januari 24. Walipata washambuliaji Martin Necas na Jack Drury, na haki mbili za drafti, ya raundi ya pili na ya nne. Klabu ya tatu, Chicago, iliingia katikati na kukubali kubeba nusu ya mshahara wake, hivyo Carolina wakambeba kwa nusu tu ya mshahara huo.

Wanaowatetea Colorado wana hoja nzito. Necas ni mdogo kwa zaidi ya miaka miwili, na mkataba wake ulikuwa na msimu mzima mwingine mbele. Kungoja hadi Julai, mkataba wa Rantanen ukiisha, kungeweza kuwaacha mikono mitupu, kama ilivyowatokea Carolina wenyewe mwaka mmoja nyuma kwa mshambuliaji Jake Guentzel: walimchukua Machi, na Juni, kabla mkataba wake haujaisha, wakaambulia chaguo la drafti la raundi ya tatu tu kwa kuuza haki za kuzungumza naye.

Upande wa pili nao hauna maneno mepesi. Wiki moja tu baada ya Rantanen kuondoka, ligi na chama cha wachezaji walitangaza kwamba kikomo kingepanda hadi milioni 95.5, kisha 104, kisha 113.5. Mshahara ulioonekana mzigo Januari ukawa wa kawaida. Na Oktoba mwaka huohuo Colorado walimpa Necas miaka minane kwa milioni 11.5 kwa mwaka. Rantanen kule Dallas anachukua 12. Yaani ugomvi wote ule, tofauti nusu milioni! Hapo mimi nasimama na wakosoaji: Colorado walipima hatari ya kumpoteza, hawakupima vya kutosha gharama ya kumlipa mrithi wake.

Carolina je? Hawakuwa na ahadi yoyote kwamba angesaini mkataba mpya, na hakusaini. Lakini walipoona hivyo hawakuendelea kubahatisha. Dallas walitoa Logan Stankoven, kijana wa miaka 22 mwenye mshahara mdogo, pamoja na chaguo mbili za drafti za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya tatu. Stankoven si Necas, hilo wazi. Ila Dallas walilipa hivyo kwa sababu mchezaji alikuja na saini yake: miaka minane, milioni 96. Wakati ule ni klabu inayommiliki tu iliyoweza kumpa mwaka wa nane; kwingine mwisho ulikuwa saba. Na Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, jambo ambalo mchezaji yeyote mwenye wakala mzuri amelipigia hesabu.

Ndiyo maana mtu yuleyule, akiwa na muda mfupi zaidi na fomu mbovu zaidi, hakushuka thamani. Januari kilichouzwa kilikuwa nusu msimu. Machi iliuzwa miaka minane.

Kisha ikaja Mei 3, mechi ya saba, ya kuamua, katika raundi ya kwanza ya mtoano, Dallas dhidi ya Colorado haohao. Colorado waliongoza 2-0 kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho. Rantanen akafunga, akazunguka nyuma ya goli akasawazisha, akatoa pasi ya bao la tatu, akamalizia la nne golini pasipo kipa. Mashabiki wengi walifunga hesabu usiku ule. Mimi naona usiku mmoja hauamui biashara ya miaka minane. Carolina nao, bila yeye, walifika fainali ya kanda ya Mashariki msimu uleule. Na moja ya chaguo walizopewa ni ya drafti ya 2028. Chipukizi wengi wa drafti hiyo, siku Rantanen anahamia Dallas, walikuwa bado watoto wa miaka 14 au 15.