Miche arubaini ya Gazi

Agosti iliyopita nilikuwa nimeshatenga pesa za tuisheni. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili, na hesabu zilikuwa zimemwelemea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo hapa Kenya, lakini wazazi ndio tunaoyatafuta, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Dada yangu ndiye aliyenishikilia nimpeleke kambi ya wiki mbili Gazi, huko Kwale, vijana wakajifunze mikoko. Nikakubali shingo upande.

Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 huuza vyeti vya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, yaani wanunuzi huwalipa ili mikoko isikatwe. Mapato yamewaletea maji na vitabu vya shule. Lakini aliyonisimulia mwanangu yalikuwa ya tope. Kila kijana alipewa safu yake ya miche arubaini. Alijifunza kwamba mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama kalamu ndefu, na kwamba mlilana, aina mojawapo ya mikoko, ndio hukaa mbele kabisa baharini. Alijifunza kuhesabu siku za mwezi, kwa sababu kwenye bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hupwa sana mwendo wa saa nne asubuhi, na ukichelewa bahari haikusubiri.

Alirudi amechomwa na jua, nikadhani yameisha. Novemba akaniambia, "Mama, nipe nauli, naenda kuhesabu miche yangu." Siku alikuwa ameshaichagua mwenyewe kwa mwezi. Mtoto huyu nilikuwa namwamsha mara tatu kila asubuhi! Nikapanda naye matatu Likoni.

Iliyokuwa hai ni ishirini na mitatu. Alirudia kuhesabu, suruali imekunjwa hadi magotini, kisha akasimama kimya muda mrefu. "Kumi na saba imekufa," akasema. "Hii ya karibu na mkondo niliipanda pabaya. Maji hupita hapa kwa nguvu."

Nimekuwa nikiifikiria sentensi ile tangu siku hiyo. Darasani kosa lake hutiwa wino mwekundu na mtu mwingine, na mwanangu hufunga daftari. Pale hapakuwa na mwalimu wala alama. Aliliona kosa kwa macho yake na akalikubali kuwa lake.

Hesabu bado zinamsumbua, na pengine nitamtafutia mwalimu muhula ukifunguliwa. Likizo simnyang'anyi tena. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na pesa za kulipia kambi ile, na majirani zangu wengi hawana. Kaunti zetu za Pwani zina mikoko na zina vijana, sioni kwa nini hili liwe la wenye uwezo pekee.

Miche kumi na saba mipya aliipanda siku ile ile, juu kidogo, mbali na mkondo. Kwenye kalenda ya jikoni ameshazungushia duara siku moja ya likizo ya Aprili, mara tu baada ya mwezi mpevu.