Chatu akigomea panya wa friza

Mpwa wangu aliyeko Leicester, Uingereza, anafuga chatu. Huku Tanga habari hiyo ilipokewa kwa astaghfirullah nyingi, maana kwetu nyoka akionekana ndani hutafutwa fimbo kwanza, maswali baadaye. Mwezi uliopita akanipigia simu: chatu hajagusa panya wa friza, yaani panya waliouawa na kugandishwa kwa ajili ya chakula cha nyoka, kwa wiki saba. Je, amnunulie panya hai?

Chatu mwenyewe ni Python regius, mfupi, mnene, hana sumu, kwao ni mbuga za Afrika kuanzia Senegal hadi Uganda. Akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati.

Wanaotetea panya hai hupenda kusema ndio asili yake. Hoja hiyo hainishawishi. Porini chatu wachanga hula zaidi ndege wadogo, na wakubwa hula panya wa msituni wakiwemo jamii ya buku, ndugu wa wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Panya mweupe wa kufugwa hayumo. Tena porini panya ana pa kukimbilia, na nyoka asiye na njaa ana pa kwenda. Ndani ya sanduku la kioo wote wawili wamefungwa, na panya aliyebanwa huuma. Akiachwa humo usiku kucha anaweza kumtafuna chatu mgongo hadi nyama ionekane, naye chatu asijitetee. Uingereza, sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 humlinda hata huyo panya: haikatazi kwa jina kumpa nyoka mnyama hai amle, ila ukimtesa bila sababu unaweza kushtakiwa.

Hoja yao nzito ni nyingine. Chatu huyu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na ulimi wake hukusanya harufu. Panya aliyetoka kwenye friza, hana joto wala hatikisiki, kwake si chakula. Nyoka aliyekuzwa kwa panya hai hana sababu ya kuutambua mzoga.

Friza nayo ina aibu zake. Baridi huua baadhi ya vimelea lakini salmonela, bakteria wa kuharisha, hustahimili. Mwaka 2010 Marekani watu waliugua kutokana na panya wa kugandishwa waliouzwa kwa ajili ya nyoka. Sasa fikiria panya hao wamelala kando ya samaki wa familia. Na umeme ukikatika kwa siku mbili, akiba yote inaweza kuoza.

Hata hivyo mimi niko upande wa friza, kwa sababu migomo mingi haihusiani na panya. Kibanda kikiwa baridi, nyoka akikosa pa kujificha, akishikwashikwa kila siku, au msimu wa kupandana ukifika, hugoma kula. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na asidhoofike. Kwa hiyo la kwanza ni mizani, si duka la panya.

La pili ni maandalizi. Panya ayeyuke kwenye jokofu usiku kucha, kisha atiwe kwenye maji ya moto hadi awe na joto la mwili, kama nyuzi 38, mpaka ndani. Maikrowevu hapana: humpika, na wakati mwingine humpasua. Akaushwe, kichwa kiongezwe joto kidogo, ashikwe kwa kibano kirefu, atikiswe gizani.

Ikishindikana, kuna daraja ambalo wabishani wa pande zote hulisahau: panya aliyeuawa muda huo huo, bado ana joto na harufu yake. Panya hai awe wa mwisho, na mwenye nyoka akae hapo hapo akitazama; dakika chache zikipita bila kitu, amtoe. Wapo wanaoapa kwamba mlo mmoja wa hai humharibu nyoka milele. Wanatia chumvi. Wengi hula vyote viwili, ingawa wapo wanaodeka, na kuwarudisha huchukua wiki kadhaa.

Mpwa wangu alipompima, chatu alikuwa amepungua gramu 30 kati ya 1,400. Kisha akapima joto la upande uliotakiwa kuwa wa moto: nyuzi 26, wakati anahitaji kama 32. Panya hai hajanunuliwa.