Tairi Lililokataliwa Hamburg Lisipandishwe Meli

Ndugu zangu tunaoishi Ujerumani, naomba tuache kusheheni matairi yaliyotumika ndani ya magari na makontena tunayopeleka nyumbani. Sababu zake nazijua. Mtu kanunua gari, buti liko tupu, siti za nyuma ziko tupu, gereji inampa matairi manne kwa bei ya kutupa au bure kabisa, na Tanga kuna shemeji atakayeyafunga au kuyauza siku hiyohiyo. Nia ni njema. Lakini tujiulize kwanza mwenyewe kayaacha kwa nini.

Hapa sheria inataka kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zisipungue urefu wa milimita 1.6. Ukikamatwa chini ya hapo, unalipa faini ya yuro 60 na kuandikiwa pointi moja kule Flensburg, kwenye daftari la makosa ya madereva. Wenye uangalifu hawangoji kufika huko. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha matairi ya kiangazi kashata zikibaki milimita 3, na ya baridi zikibaki 4, maana mifereji ikishakuwa mifupi tairi haliwahi kuyatoa maji, gari linaelea na breki hazishiki. Ukingo wa dhahabu wa sarafu ya yuro moja una upana wa milimita 3. Uchomeke kwenye mfereji. Ukiona sehemu ya ukingo imebaki nje, kashata zimeshashuka chini ya hapo.

Nyumbani kipimo ni jicho na mfuko, na hili silisemi kwa dharau. Dereva wa Noah anayelisha familia kwa gari hilo hawezi kutoa pesa ya chakula akanunue tairi jipya kwa ajili ya milimita moja. Tena yapo mambo ambayo madereva wa nyumbani wanatuzidi mbali. Dereva wa lori akisimama Chalinze au Segera anashuka, anazunguka gari lake, anagonga tairi moja moja na kusikiliza mlio. Fundi pancha wa kona akiona tairi limelika upande mmoja atakwambia kapime alaimenti. Limelika kingo zote mbili, umekuwa ukitembea na upepo mdogo. Limelika katikati, umejaza kupita kiasi. Huku wengi hawayajui hayo. Wanangoja ukaguzi wa kila miaka miwili uwaambie.

Kinachotuponza nyumbani ni kwamba jicho linatazama kashata peke yake. Tairi lenye kashata nene tunaliita zima. Lakini mpira unazeeka hata usipofanya kazi: joto, jua na hewa vinaukausha, unakuwa mgumu, unapata nyufa ndogondogo ubavuni, na matabaka ya ndani yanaanza kuachana. Sasa lipeleke tairi hilo mchana wa Januari kutoka Korogwe kwenda Same, gari limejaa watu, mizigo juu, upepo pungufu, na mwendo mkali. Litapasuka likiwa na kashata zake zote.

Uingereza walijifunza kwa msiba. Mwaka 2012 basi liliacha njia huko Surrey baada ya tairi la mbele kupasuka, wakafa watu watatu. Tairi lile lilikuwa na miaka 19, lina umri mkubwa kuliko basi lenyewe. Tangu Februari 2021 ni marufuku kule tairi lililozidi miaka 10 kuwa kwenye ekseli ya mbele ya basi au lori. Hapa Ujerumani gari dogo halina ukomo wa umri wa matairi kisheria, ila mwenye karavani anayetaka ruhusa ya kukimbia kilomita 100 kwa saa lazima matairi ya karavani hiyo yawe chini ya miaka 6. Na hii ni nchi ya baridi!

Yanayonitia hofu zaidi ni matairi ya baridi. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ushike barabara hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Dar unalika upesi, unapata moto, na gari linachelewa kusimama. Kwa macho, tairi hilo lina kashata ndefu zenye mikato mingi, linavutia kuliko la kiangazi, kwa hiyo mnunuzi anaamini kapata. Lina picha ya mlima wenye theluji, au herufi M+S. Tangu Oktoba 2024 yenye M+S peke yake hayahesabiwi tena hapa kuwa ya baridi, na hayo nayo yanatafuta wa kuyachukua. Yakatae.

Ukitaka kumsaidia shemeji, mtumie pesa za matairi mapya, hata kama ni mawili kwanza na mengine mwakani. Kisha mfundishe kusoma tarakimu nne zinazomalizia mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa joto letu, mimi lililozidi miaka 6 silifungi, liwe na kashata nene namna gani. Asome hata dukani kabla ya kulipa, kwa sababu jipya nalo linaweza kuwa limeanikwa juani mlangoni miaka kadhaa. Namba hiyo mara nyingi iko upande mmoja tu. Muuzaji akikataa kuligeuza tairi, aende duka la jirani.