Jenerali Wetu wa Burma

Picha ya babu yetu mzaa baba imetundikwa ukutani kwa Shangazi Mkubwa, mjini Tanga, tangu kabla sijazaliwa, juu kidogo ya kiti anachokalia akichambua mchele. Babu amesimama kando ya meza ndogo yenye chombo cha maua, na nyuma yake lipo pazia lililochorwa nguzo na ngazi za kasri ambalo halijapata kujengwa Tanga. Amevaa tarbushi na koti la vifungo vingi, mkononi ameshika fimbo nene yenye kichwa cha shaba, na kifuani zinaning'inia nishani nne. Uso ameukaza kama mtu anayedaiwa.

Kuhusu nishani hizo ukoo wetu ulikuwa na madhehebu mawili. Baba Mdogo alishikilia kwamba Babu alipigana upande wa Mjerumani katika Vita vya Nyuki, yaani vile vya Novemba 1914, ambapo Waingereza walishusha hapa Tanga jeshi kubwa kutoka India, likachapwa na kikosi kidogo cha kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, na nyuki waliochokozwa na risasi wakamalizia kazi. Binamu zangu wao walidai kwamba Babu alikuwa askari wa Keya, kama wazee walivyoliita jeshi la King's African Rifles, na kwamba alimpiga Mjapani huko Burma, Asia, katika Vita Kuu ya Pili. Kwa kuwa mwaka 1914 Babu alikuwa mtoto wa miaka kama sita, hoja ya Baba Mdogo niliizika kwa dakika moja mbele ya watu, na ushindi ule wa bei rahisi ndio ulionilewesha. Nikatangaza kwamba siku ya khitma ya Babu, ambayo tungeisoma siku ya tatu ya Idi, nitauleta ukweli wote ukiwa umechapishwa kwenye bango.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba picha haishushwi. Shangazi alinieleza kuwa mara ya mwisho iliposhushwa paa lilianza kuvuja mwezi uleule, na mtu hawezi kubishana na paa. Basi nikapanda kigoda juu ya kichwa chake, nikiwa na simu mkono mmoja na kioo cha kukuzia mkono wa pili, huku pumba za mchele zikipaa hadi puani mwangu, na nikafanya hivyo kila Jumamosi kwa majuma matatu.

“Umeona nini huko, mwanangu?” aliniuliza Jumamosi ya kwanza.

“Nyota ya Burma, Shangazi.”

“Haya,” akasema, akatoa jiwe kwenye mchele.

Nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba nyota za shaba walizotoa Waingereza kwa vita vile, ikiwamo ile ya Burma, zina ncha sita, na kwamba utepe wa ile ya Burma ni wa buluu iliyokolea wenye mstari mpana mwekundu katikati na vijistari viwili vya rangi ya chungwa. Nyota ya Babu ilikuwa na ncha tano. Nilizihesabu mara nne, kisha nikaamua kwamba ya sita imefichwa na mkunjo wa koti. Kuhusu utepe sikupata shida hata kidogo, kwa sababu filamu nyingi za zamani hazikuhisi wekundu, ambao picha iliutoa kama weusi, ilhali buluu iliweza kutoka nyeupe. Na mtu akishaijua kanuni hiyo anaweza kuona utepe wowote anaoutaka.

Nishani mbili za duara zilinipa furaha zaidi, kwa kuwa juu yake niliona simba. Medali ya Vita ya 1939 hadi 1945, aliyopewa yeyote aliyetumikia angalau siku 28, ina simba upande wa nyuma, amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Simba wa Babu alikuwa na vijinundu nyuma yake, nami nikatambua mara moja kwamba ni mgongo wa joka. Kwa nini Babu apewe medali mbili za namna moja, na zote azivae kinyumenyume, ni swali nililoliahirisha. Ile ya nne, iliyokuwa ndefu kidogo kama yai, ilikuwa na kivuli cheusi chenye umbo la kichwa na mabega. Mfalme, nikasema. Nishani ya utumishi mrefu na mwenendo mwema.

Lipo jambo moja ambalo lingemzuia mtu mwenye akili. Nishani huvaliwa kifuani upande wa kushoto, na anayezivaa kulia huwa ni ndugu wa marehemu aliyezipata. Za Babu zilikuwa kulia. Nilikaa na jambo hilo usiku mzima, na kufikia alfajiri nilikuwa nimegundua kwamba mpigapicha aliigeuza filamu wakati wa kuisafisha, hivyo kulia kukawa kushoto. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuvitazama vifungo vya koti, ambavyo vingekuwa upande wa kike kama picha ingekuwa imegeuzwa. Vilikuwa upande wa kiume, sawasawa kabisa. Nikaamua kwamba fundi cherehani wa jeshi alikosea.

Begani palikuwa na doa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita katika bonde la Kabaw lenye malaria kali na kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba 1944, ilivaa begani alama ya kichwa cha kifaru. Nilipolikuza doa lile kwenye simu niliona pembe.

“Na leo umeona nini?” Shangazi aliniuliza.

“Kifaru, Shangazi.”

“Begani kwa baba?”

“Begani.”

“Haya.”

Kikabaki cheo. Tangu utotoni tuliwasikia wazee wakimtaja Babu kwa jina la Bwana Jenerali, nasi tulilichukulia kama utani wa mtaani. Mimi, kwa kuuheshimu ukweli wa kihistoria, nililitupa kando, maana jenerali hakikuwa cheo ambacho Mwafrika angepewa katika Keya, na baada ya kutafakari sana nikamshusha Babu hadi sajini. Nilijiona mtu wa haki. Bango likachapishwa, refu kuliko mlango, lina picha ya Babu niliyoipaka rangi kwa programu ya simu, na chini yake maneno makubwa: SAJINI WETU, SHUJAA WA BURMA.

Siku ya khitma, baada ya dua na pilau, nilisimama nikazungumza kwa dakika 40. Nilielezea ncha sita. Nilielezea joka. Miongoni mwa wageni alikuwapo mkwe wetu, sajini meja mstaafu, ambaye watu walimtaka aipigie picha saluti, naye akakataa kwa adabu, akieleza kwamba sajini meja hampigii saluti sajini, na kwamba hata huyo sajini meja mwenyewe hapigiwi. Akatikisa kichwa tu kuelekea bangoni, kama mtu anayemsalimu jirani. Hapo ndipo Shangazi Mkubwa, ambaye asubuhi nzima alikuwa kimya, alipomwomba mjukuu wake amsomee maandishi.

“Nani sajini?” akauliza.

Mjukuu akamsomea tena.

“Baba yangu sajini? Burma nimekuachia, kifaru nimekuachia, mwanangu, maana nilikuona unafurahi. Lakini cheo cha baba usikiguse! Baba alikuwa jenerali. Jenerali wa Marini!”

Akaagiza picha ishushwe, na paa livuje likitaka. Misumari iling'olewa kwa koleo, na nyuma ya picha, kwa kalamu ya risasi na mwandiko mzuri kuliko wangu, palikuwa pameandikwa: Jenerali, Beni Marini, Tanga, 1931. Miaka minane kabla ya vita nilivyompeleka.

Watoto hawakuelewa, na ilibidi wazee wawaeleze. Beni ilikuwa ngoma, jina lake limetokana na bendi za Wazungu, na ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilisambaa bara pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Hapa Tanganyika vyama vyake vikubwa viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa gwaride, ngoma, tarumbeta na karamu za kufilisiana, na wanachama walipeana vyeo, kuanzia Kingi na Jenerali kushuka chini, wakasaidiana pia katika maziko na kuwapokea wenzao wageni. Babu alitembea mbele ya ngoma akiongoza kwa ile fimbo. Kuhusu Burma, Shangazi alisema kwamba baba yake aliwahi kuvuka mto Pangani mara moja, akatapika kabla ya kufika katikati, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kisha akamtuma mjukuu alete kopo lililokuwa chini ya kitanda. Nishani zote nne zilikuwamo. Nyota ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, na ilikuwa na ncha tano, hakuna iliyojificha popote. Simba wawili walikuwa shilingi mbili za Afrika Mashariki za mwaka 1924, zimetobolewa juu, na lile joka langu lilikuwa milima iliyochorwa nyuma ya simba. Mfalme mwenye kichwa na mabega alikuwa tundu la ufunguo, kwa kuwa nishani ya utumishi mrefu na mwenendo mwema ilikuwa bamba la kitasa lililong'olewa kwenye sanduku la Bibi. Utepe ulikuwa pindo la kanga ya Bibi huyohuyo, ambaye, kwa maelezo ya Shangazi, alinuna kuanzia siku ya picha hadi mfungo uliofuata. Zilivaliwa kulia kwa sababu upande wa kushoto koti lilikuwa na kiraka, na mikono ilikuwa mifupi kwa sababu koti lilikuwa la maofisa watatu. Kifaru alifutika kwa kitambaa chenye mate. Mende.

“Lakini Shangazi,” nikasema, nikiwa bado nimelishika bango upande mmoja, “majuma matatu nimesimama juu ya kichwa chako. Mbona hukuniambia?”

“Mimi ndiye niliyekuwa nakuuliza,” akajibu. “Wewe uliniuliza lini?”

Baba Mdogo, ambaye alikuwa akisubiri siku hiyo tangu nilipomzikia Vita vyake vya Nyuki, aliomba apewe bango, na sasa limeezeka banda lake la kuku, neno BURMA likitazama barabarani.

Watu walipoanza kutawanyika, mkwe wetu alikuja kumuuliza Shangazi swali moja kwa sauti ya chini: je, cheo hicho kilithibitishwa? Shangazi akamwambia kwamba kilitangazwa hadharani, uwanjani, mbele ya Arinoti wote, nao walikasirika mno. Mkwe akavaa kofia yake, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasimama wima mbele ya picha iliyokuwa imeegemezwa kwenye gunia la mchele, akapiga saluti ndefu ya kijeshi.

“Haya,” akasema Shangazi.