Kabla ya dawa, shika ndoo

Mtu akiona diskasi wake, yule samaki wa tangini mwenye umbo la duara, amegeuka mweusi, amejibanza kwenye kona ya tangi na chakula hataki, swali lake la kwanza ni ampe dawa gani. Mimi humrudishia swali: maji umebadilisha lini mara ya mwisho, na kiasi gani? Mara nyingi kimya kinatawala kidogo. Kisha linakuja jibu la "nimeongeza yaliyopungua", yaani hakubadilisha chochote. Maji hukauka, uchafu haukauki.

Diskasi amepewa sifa ya kuwa samaki mgumu, wa wataalamu peke yao. Naona sifa hiyo imekuzwa. Ana masharti machache, ila hayo machache hayana mjadala.

La kwanza ni joto: nyuzijoto 28 hadi 30 za Selsiasi, si 25 wanayoizoea samaki wengi wa tangini. Joto likishuka, hamu ya kula hupungua na kinga ya mwili hudhoofika. Lakini joto hilohilo lina deni lake. Maji yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubaki kama 7.5. Wakati huohuo mwili wa samaki unaenda mbio zaidi na kutaka hewa zaidi, na chakula kilichosazwa kinaoza upesi. Ndiyo maana uzembe ambao samaki wengine wanauvumilia kwa mwezi, kwa diskasi huonekana ndani ya siku chache.

Kisha kuna amonia, ambayo samaki huitoa hasa kupitia matamvua. Bakteria waliojishikiza kwenye sponji ya filta huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti. Viwili vya kwanza visome sifuri, basi; hakuna cha "kidogo si mbaya". Nitreti haina ukali huo, lakini hulimbikizana, na kwenye tangi lisilo na mimea ya kutosha njia ya uhakika ya kuitoa ni ndoo. Mimi nasimama na wanaobadilisha angalau nusu ya maji kila wiki, na kwa vifaranga wanaokua, mara nyingi zaidi ya hapo. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na ya zamani, na yawe yameondolewa klorini. Kuyalaza usiku kucha husaidia kama ni klorini tupu. Kama kuna kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, bila dawa ya kuiondoa utakuwa umelaza maji bure.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi: chupa za kushusha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Ni kweli diskasi wa porini wanatoka kwenye maji laini, yaani yenye madini machache, na yenye asidi, ya bonde la Amazon. Yule aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa samaki Johann Jakob Heckel mwaka 1840 ni wa maji meusi kama ya mto Rio Negro. Lakini wengi wanaouzwa leo wamezaliwa tangini, na wazazi wao walizaliwa tangini. Hao huishi vizuri kwenye pH ya 6.5 hadi 7.5 bila kinyongo. Ukimwaga asidi kwenye maji magumu, pH inashuka jioni, kisha kabonati zilizomo zinaipandisha tena, nawe unamwaga tena. Samaki hapati pH ya Amazon, anapata bembea. Afadhali 7.4 isiyotikisika kuliko 6.2 ya kulazimisha. Maji laini yana nafasi yake unapotaka wazaane, kwa sababu kwenye maji magumu mayai mengi hayaanguliwi. Hapo tafuta chujio la kuondoa chumvichumvi, si chupa.

Na kuzaana kwenyewe kunaonyesha kwa nini maji ni kila kitu kwa samaki huyu. Vifaranga wa diskasi hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi wao; baba na mama hupokezana, mmoja akichoka anajitikisa na kumwachia mwenzake kundi zima. Ute huo ndio ngao yake pia dhidi ya vimelea. Amonia ikiuchubua, vimelea waliokuwa wametulia hupata mlango.

Sisemi dawa hazina kazi. Kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi, pamoja na hamu ya kula kupungua, hunifanya nishuku vimelea wa utumbo. Metronidazoli ikichanganywa kwenye chakula, wakati samaki bado anakula, hufanya kazi vizuri kuliko kumwagwa majini. Anayehema kwa tamvua moja huku jingine limefungwa, nashuku minyoo ya matamvua, na dawa yake ni prazikwanteli. Ninachopinga ni kumwaga dawa tatu kwa kubahatisha. Baadhi ya dawa za kuua bakteria haziwachagui wa ugonjwa peke yao, huua na wale wa kwenye filta, na amonia inapanda juu ya samaki ambaye tayari anaumwa.

Samaki wageni watengwe wiki nne hadi sita, na kimia chao wenyewe. Na samaki malaika, hata kama ni ndugu zake diskasi na wanapendeza pamoja, mimi siwachanganyi. Huweza kubeba vimelea bila kuonyesha dalili yoyote.

Kuhusu kuwalisha moyo wa ng'ombe, watu wamegombana miaka mingi. Hukuza kweli, mradi mafuta yote yametolewa, lakini huchafua maji vibaya. Asiye na nafasi ya kubadilisha maji mara kwa mara atumie chakula bora cha punje, kidogokidogo mara kadhaa kwa siku.

Wafuge sita au zaidi, kwenye lita 250 kwenda juu. Wakiwa wawili au watatu, mnyonge hupigwa peke yake hadi aache kula.

Mwisho, unaponunua, tazama jicho kabla ya rangi. Jicho kubwa kwenye mwili mdogo uliorefuka badala ya kuwa duara ni dalili ya samaki aliyedumaa utotoni. Huyo mwache hukohuko dukani. Anaweza kuishi, ila umbo halitarudi hata umbadilishie maji kila siku.