Mlima uko kaskazini

Juni iliyopita nilipita Sakina, Arusha, kumjulia hali mpwa wangu. Anaishi chumba kimoja cha kupanga, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nilimkuta ameweka vitu vinne sakafuni: bakuli la maji, mshumaa, chetezo cha ubani, na udongo kidogo ndani ya kisoda. Katikati kuna simu, dira imewashwa. "Shikamoo mjomba," akasema bila kuinuka, "angalia usikanyage kaskazini."

Alichokuwa anafanya ni sehemu ya ibada za Wapagani wa siku hizi wa Ulaya na Marekani, hasa wale wa Wicca. Kabla ya jambo lolote mtu huchora duara, halafu hugeukia pande nne za dunia na kuita roho: za hewa mashariki, za moto kusini, za maji magharibi, za udongo kaskazini. Akimaliza huzishukuru na kuziaga. Wapo wanaoamini kwamba hizo ni roho kweli, zina akili na hiari yake. Wapo wanaosema ni njia tu ya kuzungumza na nafsi: moto ni ari, maji ni hisia, hewa ni fikra, udongo ni uvumilivu. Mpwa wangu yuko katikati. Aliniambia haamini sana, ila akishamaliza analala vizuri.

Sisi wa rika la juu tuna maneno mawili tayari mdomoni kwa mambo haya, "ushirikina" na "utoto". Yote mawili yanamnyamazisha mtu kabla hujajua anatafuta nini, na mimi nilitaka kujua.

Chanzo cha mpangilio wenyewe kinajulikana. Hoja kwamba kila kitu kimeundwa kwa udongo, maji, hewa na moto ni ya Empedocles, Mgiriki wa Sisilia wa karne ya 5 kabla ya Kristo, naye aliviita vitu hivyo mizizi. Wakazi wa ndani yake walikuja baadaye sana. Paracelsus, daktari wa Uswisi aliyefariki mwaka 1541, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1566, ambamo kila asili, yaani kila kimoja cha vitu hivyo vinne, ina watu wake: gnomi wa ardhini, undina wa kwenye maji, silfi wa hewani, salamanda wa motoni. Chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, kikayapanga mambo haya kwenye ibada za pande nne. Gerald Gardner, ofisa forodha mstaafu wa Kiingereza, akachukua mengi humo alipoitoa Wicca hadharani miaka ya 1950. Kwa hiyo ukisikia hii ni dini ya kale iliyotangulia Ukristo, vitambaa ni vya kale kweli, ila mshono ni wa juzi. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, kabla Wicca haijajulikana.

Wala si kigeni kama mpwa wangu alivyodhani. Asili hizo nne za Wagiriki zilipita kwa Waarabu, zikashuka pwani yetu pamoja na elimu ya falaki. Waliofuatilia utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein wanakumbuka: Punda, Simba na Mshale ni nyota za moto, Kaa, Nge na Samaki ni za maji. Lugha nayo imejaa mambo haya. Upepo na pepo ni ndugu wa tumbo moja. Kurani inasema majini waliumbwa kwa moto, lakini liandike neno hilo peke yake ukutani, nusu ya wapita njia watasoma kwamba kuna kitu kimo ndani ya maji.

Tatizo la kwanza la kile chumba cha Sakina ni la kijiografia, na si dogo. Uingereza jua la saa sita mchana liko kusini mwaka mzima, ndiyo maana moto ukawekwa kusini. Bahari kuu iko magharibi, maji yakaenda magharibi. Wapagani wa Australia waliliona hili, na baadhi yao wameuhamishia moto kaskazini. Sasa sisi tulio kwenye nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta tufanyeje? Jua letu hupita juu ya utosi Machi na Oktoba. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Moto wa Moshi unahama kama mfugaji.

Halafu simama pale mnara wa saa wa Moshi, utazame kaskazini. Kibo hiyo hapo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi kabla ya mawingu. Ni udongo, sawa na duara linavyotaka. Lakini huko huko ndiko maji yanakotoka yote, na upepo wa baridi wa usiku unashukia huko huko. Moto nao uko huko: mlima wenyewe ni volkano, na hadithi ya Wachagga inasema Mawenzi, kilele cha jirani, alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo, hadi Kibo akachoka naye, akampiga, ndiyo sababu Mawenzi ana mapengo hadi leo. Arusha ni hivyo hivyo, ukitaka Meru unatazama kaskazini. Katika miji yetu hii miwili asili zote nne zinakaa upande mmoja. Nilimwambia mpwa wangu, akatazama dira, akacheka, akasema basi duara lake lina pande tatu za bure.

Hilo la dira linarekebishika. Lisilorekebishika kirahisi ni lile la maji.

Babu zetu wa mlimani hawakuwa wakisema na "maji" kwa jumla. Walikuwa na mfongo. Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono kutoka mtoni au kwenye chemchemi huko juu msituni, unaoshuka kwa mteremko mdogo, unazunguka mabonde, hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, huko unapogawanywa kwa zamu. Kila mfongo una ukoo ulioanza kuuchimba na wazee wanaouangalia. Nikiwa mtoto nilichukuliwa siku moja kwenda kufukua. Nakumbuka matope ya magotini na vigogo vya migomba vilivyotumika kuziba. Pale maji yanapoachana na mto, mzee mmoja alimimina mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo kutoka kwenye kata, akataja majina ya waliokufa, matatu au manne. Halafu kwa sauti ile ile, bila kupumzika, akataja majina ya walio hai ambao hawakuja kufukua.

Nilipokuwa mdogo niliona ni kichekesho. Siku hizi naona palikuwa na jambo zito pale. Duara la Sakina huiita roho ya maji, ikaja, ikashukuriwa, ikaagwa, mtu akalala. Pale mtoni hakuna kuaga. Waliochimba wanadai, wanaotumia wanadaiwa, na anayekwepa jembe anatajwa mbele ya wafu wake. Neno "kuungana" na maji lisingeeleweka, maana walishaungwa tayari na hawakuulizwa kama wanapenda. Na haya si ya Waafrika peke yao. Aisilandi ya kale ilikuwa na sheria kwamba meli ikikaribia pwani iondoe vichwa vya majoka mbele ya chombo, visije vikazitisha roho za nchi ile. Hizo ni roho za mahali, zina mpaka na hasira, na mzee wa mfongo angezielewa mara moja. Upagani wa namna hiyo uko hai: chama cha imani ya kale cha Aisilandi kilitambuliwa na serikali mwaka 1973. Kwa hiyo ninapoikosoa ibada ya duara siwakosoi Wapagani wote, nawalenga wale wa roho zisizo na anwani.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote kwa ufasaha, nikidhani nimemaliza. Akauliza: "Mjomba, huo mfongo ungenipokea mimi?"

Hapa hoja yangu ilipata pancha. Kazi ya mfongo ilikuwa ya wanaume. Kihamba ni cha wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Cha kwetu tumegawana mimi na mdogo wetu wa mwisho. Dada yangu, mama yake huyu binti, hakupata hata mgomba mmoja, na mimi sikusema kitu siku hiyo. Mtoto wa binti aliyeolewa kwingine, anayelipa kodi Sakina, anayenunua maji kwa ndoo bomba likikauka, ana roho gani ya kusalimia? Mizimu ya mlimani inauliza wewe ni wa nani. Roho za Paracelsus haziulizi. Mwenye mshumaa na bakuli anakaribishwa, awe mwanamke, mpangaji, Mmasai, Mhindi wa Uhindini, yeyote. Nimeitafuta hoja nyingine yenye uzito kama hiyo upande wa mpwa wangu, sijaipata, lakini hiyo moja inatosha kunifanya nisimcheke.

Viongozi wa dini wana lao, na mara nyingi linaelezwa vibaya kuliko lilivyo. Uchagani "mpagani" lilikuwa jina la aliyebaki bila ubatizo. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika mwaka 1893, na kufikia utoto wangu neno hilo lilikuwa tusi. Lakini pingamizi lao si woga mtupu. Wanasema ukishauita upepo kama mtu, kesho utauogopa kama mtu, na anayefungua mlango wa roho hachagui nani ataingia. Sheikh ataliita shirki kwa sababu hiyo hiyo: kilichoumbwa hakiombwi. Ni msimamo wenye mantiki. Kinachonisumbua ni kwamba Mkatoliki wa Kibosho naye ana maji ya baraka, ana majivu, ana mshumaa, ana ubani. Vitu ni vile vile vinne. Tofauti ni nani anasemeshwa, na tofauti hiyo nakubali ni kubwa, ila haionekani kwa macho ya mwenye nyumba anayechungulia dirishani.

Na mwenye nyumba akichungulia, kuna Sheria ya Uchawi. Ilitungwa na Waingereza mwaka 1928 na bado iko vitabuni, Sura ya 18, na inamgusa hata anayedai tu kuwa na nguvu au elimu ya siri. Waingereza wenyewe walifuta sheria yao ya uchawi mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye Gardner akachapisha kitabu chake juu ya wachawi na hakuna aliyemkamata. Sheria walijifutia wenyewe, sisi wakatuachia. Sitaki kuidharau hata hivyo. Nchi hii imewazika watu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya ramli, na Januari 2015 serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli haikuwa inaota. Binti mwenye bakuli la maji si muuaji, ila jirani hawezi kujua kwa kumtazama, na lugha yetu haimsaidii. Uchawi, ulozi, uganga, sihiri: hakuna hata neno moja hapo linalomtosha.

Wanasayansi nitawapitia haraka, maana hoja yao inajulikana. Theluthi mbili ya mjadala ingeisha kama tungekubali kwamba mbege haijawahi kuongeza maji hata lita moja. Maji ya mifongo yanatoka zaidi kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko kwenye barafu, ambayo asilimia 85 ya eneo lake la mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Lakini msitu huo huo, penye chemchemi, ulisimama miaka mingi kwa sababu watu waliogopa kilichomo. Upare bado kuna vipande vya misitu ya matambiko vilivyozungukwa na mashamba matupu. Sijui kama aliyeagana na roho yake ya udongo sakafuni saa tatu usiku ataogopa kukata mti saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo nimesimama wapi? Naona ibada ya mpwa wangu ina haki ya kuwapo na ina faida, angalau inamfanya binti wa mjini akae kimya robo saa mbele ya bakuli la maji aliyoyanunua. Ila naiona nyepesi. Haimdai chochote, na anayeifanya anaweza kuiacha Jumatano bila mtu kumtaja. Ya mlimani ni nzito, lakini imebanwa kwenye majina ya wanaume. Kama ningeulizwa lipi la kurekebisha kwanza, ningeanza na mlango wa kihamba, kabla ya dira.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza ule udongo wa kwenye kisoda ameuokota wapi. Akasema kwa babu, nyuma ya nyumba, karibu na masale, mimea ya kuonyesha mpaka, Pasaka alipokwenda kusalimia. Hakumwomba mtu. Nilipofika Moshi nikampigia simu mzee, nikamweleza yote, duara na roho na mshumaa, nikijiandaa kwa hasira. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza juu ya roho hata moja. Aliuliza: "Upande upi wa masale, huu wetu au ule wa jirani?" Maana mpaka ule una kesi baraza la kata, na masale ndiyo ushahidi.

Nimempelekea mpwa wangu swali hilo. Kisoda kiko juu ya friji, kimefunikwa na sahani, na ibada imesimama hadi akumbuke.